Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maji: tope litoke kwanza kwa mbegu za mlonge, klorini ifuate

Kwa Waheshimiwa mliopewa dhamana ya maji, afya na kilimo Zanzibar, na kwa Maafisa Wadhamini mlioko huku Pemba,

Assalaam alaykum.

Naandika kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Wete, ambako nyumba ziko juu kilimani pamoja na mikarafuu, na kisima kiko chini bondeni pamoja na mpunga. Mtu wa Pemba hahitaji maelezo zaidi ya hayo. Masika yakianza, kila kilichoko juu hushuka: udongo mwekundu, majani yaliyooza, mavi ya ng'ombe na, nisifiche, hata vya vyooni. Siku mbili za mvua kubwa zinatosha kuyafanya maji ya kisima yawe na rangi ya chai ya maziwa. Mfereji tunao, sisemi kuwa hatuna. Lakini pampu ikisimama na mfereji ukakauka siku tatu, hata mwenye tangi juu ya paa anajua njia ya bondeni.

Masika moja walikuja vijana kutugawia vidonge vya klorini. Walikuwa na adabu, walihesabu vidonge nyumba kwa nyumba, wakaeleza: kimoja kwa dumu la lita 20, subiri nusu saa, kunywa. Jirani yangu, mama wa watoto watano, akafanya kama alivyoambiwa. Nusu saa ilipokwisha aliniita niende nikaone. Maji yalikuwa yananuka dawa kama sakafu ya hospitali na rangi yake ni ile ile ya chai ya maziwa. "Mwalimu, haya ndiyo yamesafishika?" Sikuwa na jibu la haraka. Aliyamwaga kwenye shina la mgomba, na vidonge vilivyobaki akaviweka kabatini, ambako vimelala mpaka leo.

Klorini haina kosa. Ila ndani ya maji ya tope hukutana kwanza na uchafu wa majani na udongo, hujimaliza huko, na kinachobaki kumfikia mdudu wa maradhi ni kidogo. Mdudu naye hujibanza katika chembe za udongo kama panya kwenye paa la makuti. Ndiyo maana miongozo ya maji ya nyumbani huongeza dozi ya klorini mara mbili maji yakiwa na tope, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendelea ukungu wa maji uwe chini ya 1 kwa kipimo cha NTU (namba ikikua, tope limezidi) kabla ya kutiwa klorini, na pale penye uwezo mdogo usipite 5. Maji ya kisima chetu wakati wa masika hayahitaji kupimwa na fundi. Ukitumbukiza mkono, vidole huvioni.

Kwa hivyo tunapewa hatua ya pili bila ya hatua ya kwanza. Hili ndilo lililonifanya nikae niandike, kwa sababu hatua ya kwanza inaota kwenye uzio wa nyumba yangu.

Nauzungumzia mlonge, ambao wengine huuita mronge au mzunze. Majani yake tunapika mboga, matawi yake tunachomeka kuwa boma, na maganda yake marefu yakikauka hupasuka yakamwaga mbegu ambazo watoto wanachezea. Mbegu hizo ndizo dawa ya kuyatuliza maji. Sikugundua mimi. Wanawake wa Sudan waliokuwa wakiteka maji ya mto Nile wakati wa mafuriko walikuwa wakizitumia, na mti wenyewe waliuita "shagara al rauwaq", mti unaosafisha. Wenye Kiarabu chao watanielewa. Tangu miaka ya 1970 mtafiti Samia Al Azharia Jahn alifanya kazi na wanawake hao, akayapima yale waliyokuwa wakiyajua kwa macho na mikono.

Nilisomesha sayansi skuli kwa miaka mingi, kwa hiyo mniwie radhi nikishika chaki kidogo. Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi, zote. Zinasukumana, na kwa wepesi wake hazizami. Gilasi ya maji hayo ukiiacha usiku kucha, asubuhi utaikuta imekutazama vile vile. Ndani ya kiini cha mbegu ya mlonge mna protini inayoyeyuka majini, nayo ina chaji chanya. Ikiingia, chembe zinaacha kusukumana, zinashikana, zinakuwa mabonge madogo, na mabonge huzama. Shabu, ile ile ya kinyozi, hufanya kazi inayofanana na hiyo, na bibi zetu waliijua: walizungusha kipande mtungini mara chache wakakitoa. Tofauti ni kwamba shabu huyasukuma maji upande wa uchachu kidogo, mlonge hauyagusi. Na shabu lazima inunuliwe, nayo haichimbwi Pemba.

Namna ya kufanya naieleza kama tunavyofanya nyumbani. Maganda yaachwe mtini mpaka yakauke yawe ya kahawia. Ya kijani hayafai, mbegu zimo lakini nguvu hiyo haijaingia. Kila mbegu ina mbawa tatu nyepesi kama karatasi. Unaziondoa, unavunja ganda, ndani unakuta kiini cheupe. Chenye madoa kitupe. Twanga kinuni, chekecha, tia unga kwenye chupa yenye kikombe cha maji safi, tikisa dakika 5, kisha chuja kwa kitambaa safi kama unavyochuja tui. Na kweli ni kama tui jepesi, hata mjukuu wangu aliuliza linapikiwa nini.

Limwage kwenye ndoo, koroga kwa haraka dakika 2, kisha polepole, polepole mno, dakika 10 mpaka 15. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mkono uliozoea kusonga ugali hautaki upole, na ukikoroga kwa nguvu, mabonge yaliyoanza kushikana huvunjika na huna tena cha kuzama. Baada ya hapo funika, ondoka. Saa moja au mbili baadaye teka ya juu kwa kata bila ya kuitikisa ndoo, au yachuje kwenye kanga iliyokunjwa mara nne. Chini utakuta utando mwekundu mzito kama uji. Umwage kwenye mgomba, hauna dhara.

Ni mbegu ngapi? Hapo ndipo ninapowahitaji nyinyi.

Siku moja niliwapanga wanafunzi barazani na chupa sita za plastiki, kila moja lita moja ya maji ya bondeni. Ya kwanza haikutiwa kitu. Ya pili nusu mbegu, ya tatu moja, ya nne mbili, ya tano nne, ya sita nane. Wote waliiwekea dau chupa ya mbegu nane. Mtoto huamini kuwa dawa nyingi ndiyo tiba. Baada ya saa moja na nusu, ile isiyotiwa kitu ilikuwa kama tulivyoiacha. Ya mbegu moja ilianza kusafika, ya mbegu mbili unaona mpaka upande wa pili, na ile ya nane ilikuwa na ukungu mweupe wa kuchukiza. Msichana mmoja wa darasa la saba akasema, "Kumbe ikizidi inaharibu." Ndivyo hasa. Protini ikizidi, chembe zinavikwa chaji chanya zote, na zinarudi kusukumana kama mwanzo.

Wiki iliyofuata mvua ilikuwa imepungua. Tukarudia, na mara hii ile ya nusu mbegu ikaishinda ya mbegu mbili. Kwa hivyo hakuna idadi moja ya kuandikwa ukutani. Maandiko ya kitaalamu hutaja kama mbegu moja kwa lita 4 maji yakiwa na ukungu mdogo, moja kwa lita 2 yakiwa ya wastani, moja kwa lita moja yakiwa mazito, na mbili kwa lita moja yakiwa tope kabisa. Ni mwanzo mzuri, lakini udongo wa Wete si udongo wa Khartoum, na kisima changu cha mwezi wa Aprili sicho kisima changu cha mwezi wa Juni. Maji yanayoonekana meupe, yaani yasiyo na tope, tangu mwanzo usiyatie kabisa, utayachafua.

Nikiri na kosa langu, maana sitaki mtu alirudie. Nilipoona jinsi maji yalivyotakata niliingiwa na majivuno. Nikautoa mtungi wa marehemu bibi yangu, nikaufukiza ubani kama zamani, nikaujaza maji ya mlonge siku ya Ijumaa ili wageni wanywe maji baridi. Jumatatu nilipofunua kawa nilipokewa na harufu ya kunde zilizosahauliwa kwenye maji. Ubani wote ulishindwa. Sababu yake nilikuwa naijua na bado nikaipuuza: mbegu haiachi protini yake ya kugandisha peke yake, inaacha na masalia mengine ya chakula, na bakteria wachache waliobaki hula, huzaliana, hurudi wengi. Maji ya mlonge ni ya siku hiyo hiyo. Yakipita saa 24 yamwage, na tui lenyewe pia usililaze.

Neno hilo "waliobaki" lina uzito wake. Tope linapozama huondoka na bakteria wengi, asilimia 90 mpaka 99 kwa majaribio mengi yaliyofanywa. Mtu akisikia 99 hufurahi. Lakini kikombe kilichokuwa na bakteria 100,000 kikipunguziwa asilimia 99 kinabaki na 1,000, na kipindupindu hakiulizi asilimia. Baada ya mlonge lazima maji yachemshwe au yatiwe klorini. Na sasa ile klorini, kidonge kama kile kilicholala kabatini kwa jirani yangu, kitakutana na maji meupe na kitafanya kazi iliyokusudiwa.

Nasisitiza hili kwa sababu sokoni kuna watu wanauza unga wa mlonge kwa kutaja maradhi mia tatu, kuanzia sukari mpaka kukosa mchumba. Mnisamehe, lakini watu hao wameufanya mti huu uonekane wa kiganga, na pengine ndio wanaonifungia milango. Nilishakwenda ofisi moja na chupa zangu mbili mfukoni, moja ya tope na moja nyeupe. Mkubwa aliyenipokea aliziangalia, akatabasamu, akasema, "Mzee, hizi ni dawa za kienyeji, sisi tunafuata utaalamu." Nilimshukuru nikaondoka. Sikupata nafasi ya kumweleza habari za Thyolo.

Thyolo iko Malawi. Miaka ya mwanzo ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester cha Uingereza walilijaribu jambo hili kwenye mtambo wa maji unaofanya kazi, si kwenye chupa za barazani. Maji ya mto yalikuwa yanaingia na ukungu wa NTU 270 mpaka 380 katika msimu wa mvua, wakatia mbegu za mlonge miligramu 75 mpaka 100 kwa lita, na maji yaliyotoka baada ya kuchujwa yalikuwa chini ya 4. Shabu ya kiwandani haikufanya maajabu zaidi ya hayo. Kuna na jambo jingine ambalo watu wa kilimo wangelipenda: mbegu ina mafuta mengi, karibu theluthi moja na zaidi ya uzito wa kiini, mafuta mazuri ya kupikia na ya sabuni, na mashudu yanayobaki baada ya kukamua bado yana ile protini ya maji. Mkulima anauza mafuta, na mashudu yanasafisha maji.

Sasa hesabu, kwa sababu najua mtaniuliza mbegu zitatoka wapi. Nyumba moja ya watu sita au saba, maji ya kunywa lita 20 kwa siku. Kwa dozi ya Thyolo ya miligramu 100 kwa lita ni gramu 2 za unga kila siku. Miezi mitatu ya masika ni gramu 180. Mlonge mmoja uliokomaa hutoa mbegu kama 2,000 kwa mwaka, na kiini kimoja kina takriban gramu 0.15 mpaka 0.2. Nikikosea kidogo huku na kidogo kule, kwa dozi hiyo mti mmoja unatosha nyumba moja na mbegu za kumpa jirani zinabaki; tope likiwa la mbegu mbili kwa lita masika yote, itahitajika miti miwili. Na mti huu hauna maringo: chomeka tawi au fukia mbegu, mwaka wa kwanza au wa pili unaokota maganda. Kwa bahati maganda hukauka kiangazi, kabla ya mvua tunayoiogopa.

Sisemi kuwa mlonge uingie kwenye mabomba ya Mamlaka ya Maji. Maji ya mabomba yetu kwa sehemu kubwa hutoka visima virefu na chemchem, na hayo hayana tope la kugandisha. Sisemi kuwa utawasaidia ndugu zetu wa pwani ya mashariki ya Unguja waliochimba kisima wakapata chumvi. Chumvi iliyoyeyuka haishikiki na mbegu. Wala haitoi mbolea na sumu za shambani. Na wala isije ikawa sababu ya mtu kusema kijiji fulani hakihitaji bomba kwa kuwa kina milonge. Hilo nikilisikia nitaikanusha barua yangu mwenyewe. Nazungumzia wiki chache za kila masika, na vuli likizidi, ambapo mfereji umekauka na kisima kimefurika.

Ninachoomba hakihitaji wafadhili kutoka mbali. Pale Wawi, Chake Chake, tuna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina tawi lake Mchanga Mdogo na vijana wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Watafiti wa kilimo wako Kizimbani, Unguja. Waambieni wakutane masika moja. Wachukue maji ya visima vya bonde vya wilaya zote nne za Pemba, wiki kwa wiki, wapime ukungu kabla na baada, wahesabu bakteria kabla na baada, na baada ya klorini pia. Waangalie maji yakilala usiku mmoja yanakuwaje. Kama itaonekana haifai kwa maji yetu, tuambieni, nami nitakata tamaa kwa ushahidi. Kama inafaa, tupeni kijiko. Nasema kijiko kweli: kijiko kimoja kilichopimwa, chenye alama mbili, moja ya maji ya chai ya maziwa na moja ya maji ya rangi ya togwa, kigawiwe pamoja na vile vidonge, na aliyekileta akae saa mbili amwoneshe mama wa nyumba namna ya kukoroga. Masheha wetu wanajua ni nyumba zipi zinazoteka bondeni. Hawahitaji semina ya hoteli.

Na miche. Kila mwaka siku ya kupanda miti tunaletewa mivinje na mikeshia. Safari moja tuleteeni milonge ipandwe skuli na misikitini, pale penye watu wa kuokota mbegu.

Zanzibar ilijiwekea mpango wa miaka kumi wa kukitokomeza kipindupindu, 2018 mpaka 2027. Kipindi hicho kinamalizika, na katika kijiji changu njia ya bondeni bado inateleza kwa miguu ya wateka maji kila mvua ikinyesha.

Mbegu za mwaka huu nimeshazikausha, ziko kwenye mkebe wa maziwa juu ya kabati. Chupa sita nimezikosha. Mkimtuma mtu, asije siku ya jua. Aje siku ya pili au ya tatu ya mvua kubwa, na avae viatu vya mpira, gari haishuki. Aje na kipimo chake. Jirani yangu nimeshamwomba vile vidonge, tukatazama tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti. Imepita. Kwa hivyo aje na vidonge vipya pia.

Wenu mtiifu,
Mwalimu mstaafu wa sayansi,
Wilaya ya Wete, Pemba